Kijiko cha Mwajuma

Jumanne, 6 Mei

Kliniki Kang'ata. Mvua tangu asubuhi. Akina mama wamejazana barazani, mizani inaning'inia kwenye boriti, watoto wanalia kwa zamu. Nimepima, nimeandika, nimepima. Bega la kulia linauma.

Omari bado yuko kwenye nyekundu. Utepe ukizungushwa mkononi ukasoma nyekundu, mtoto yuko hatarini. Ana mwaka mmoja na miezi mitano. Huletwa na bibi yake, Bibi Mwanahamisi. Mama yake yuko Dar, anafanya kazi za ndani, simu yake haipatikani. Hii ni wiki ya nne Omari anapewa chakula dawa, zile pakiti za karanga tamu. Kwa pakiti nilizotoa, mashavu yalipaswa yawe yamejaa. Leo amepungua. Nimempima mara mbili. Nimebadilisha mizani. Amepungua.

Malaria hana. Hakohoi. Damu imepimwa, haina tatizo. Mbele yangu anakula vizuri, analamba mpaka kidole changu.

Nimemuuliza bibi kama mtoto anazimaliza pakiti zote. Amesema ndiyo, mwanangu. Hakuniangalia.

Nimefika Handeni nimelowa. Chai na mkate. Nimelala.

Ijumaa, 9 Mei

Ofisini siku nzima. Afisa utumishi amenikumbusha tena kuhusu likizo. Mwaka wa fedha unaisha Juni, nisipoichukua itapotea. Nimemwambia nitaangalia.

Niangalie nini. Likizo zote nilikuwa nakwenda Mbinga kwa mama. Mama alifariki Agosti. Kaka amepangisha ile nyumba. Sina pa kwenda, na hilo si jambo la kumweleza mtu wa utumishi.

Miaka sita niko hapa. Wote wananiita Madam Lishe. Jina langu ni Edina. Wiki hii hakuna aliyelitamka.

Jumanne, 13 Mei

Omari amepungua tena.

Nimekasirika. Niandike ukweli: nilikuwa nimekasirika kabla hata sijampima. Wiki nzima nilikuwa naijenga ile kesi kichwani. Kuna watu wanauza pakiti, tunajua. Watoto wa shule wanazipenda kwa utamu. Nikamsimamisha bibi mbele ya foleni nzima, nikamuuliza pakiti zinakwenda wapi. Nikauliza tena, sauti juu. Akina mama wakaacha kuzungumza. Nikasema mtoto huyu anakufa na chakula chake kipo, na kama haniambii ni nani anayekila, nitamwandikia mtendaji wa kijiji, na watu wa ustawi wa jamii watakuja kumchukua mtoto.

Bibi akamfunga Omari mgongoni. Akachukua pakiti za wiki. Alipofika nje akasimama kwenye matope kidogo, kama mtu anayetaka kurudi. Halafu akaenda.

Mama mmoja alicheka. Nikaona nimefanya kazi.

Jumatano, 14 Mei

Barua kwa mtendaji. Ukurasa mmoja. Nimeisoma mara tatu, haina kosa. Nimeituma.

Sijisikii vizuri. Sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Mei

Hakuja.

Mchana nimemtuma Rajabu, mhudumu wa afya wa kitongoji chao. Amerudi na habari. Nyumba ina kufuli. Kuku wamepewa jirani. Jumapili alifika mgambo na wito wa mtendaji. Jumatatu alfajiri bibi alikuwa ameshaondoka.

Mgambo ni wa mtendaji. Barua ni yangu.

Mtoto mwenye mkono mwekundu yuko njiani, sijui anaelekea wapi, hana pakiti za wiki hii, na mvua haikatiki. Kwenye rejista nimemwandika "mtoro". Ndilo neno la fomu. Mwaka mmoja na miezi mitano, mtoro.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa bibi na Rajabu. Pikipiki mpaka korongoni, kisha miguu. Nyumba ya udongo, nusu bati nusu nyasi. Jirani, Mama Zaina, ndiye aliyeachiwa ufunguo. Amesita, kisha akafungua.

Pakiti tupu zilikuwa kwenye ndoo, zimepasuliwa, zimeoshwa, zimepangwa kama kadi. Nimezihesabu pale chini. Zote zipo. Hakuuza hata moja.

Chumba cha pili kuna beseni kubwa la plastiki, limekatwa upande mmoja, limejazwa matambara. Matambara yamebonyea, yana umbo la mtu aliyekaa pale siku nyingi. Kipande cha kanga kimefungwa kwenye nguzo, cha kumzuia mtu kifuani asianguke. Si umbo la Omari. Ni kubwa zaidi.

Nikauliza ni nani anakaa hapa. Rajabu akaangalia chini. Mama Zaina ndiye aliyesema.

"Ni Mwajuma, dada yake Omari. Hatembei, hasemi, hatafuni."

Ana miaka tisa. Baba yao aliondoka kwa sababu yake, akisema kwao hawazaliwi watoto wa namna hiyo. Bibi humtoa uani apate jua saa ambazo watu wako shambani. Hawezi kumeza kitu kigumu. Mahindi yalipoisha mwezi Machi, ukabaki uji wa muhogo, tena mwepesi, na uji mwepesi unampalia. Chakula dawa kilikuwa laini, kizito, kitamu. Mwajuma alikimeza bila shida. Basi bibi akawa anagawa kila pakiti nusu kwa nusu. Nusu ya Omari, nusu ya dada yake.

Rajabu alikuwa anajua. Hakumwandika kwa sababu fomu zetu zinaishia miaka mitano. Sikumlaumu. Fomu hizo nilimpelekea mimi.

Nilimuuliza bibi ni nani anayekula. Angenijibu, nisingekuwa na mstari wa kumwandika Mwajuma.

Nina aibu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempigia mtendaji, nimemwambia barua ile ina makosa, aifute, na kosa ni langu. Amesema sawa, Madam, kama mtu aliyeambiwa kikao kimeahirishwa.

Mama Zaina anasema bibi ana dada yake Mkumbara. Bibi Chausiku. Kesho nakwenda.

Jumamosi, 24 Mei

Nimefika Korogwe saa tatu asubuhi, nikapata gari linalopita Mombo, nikashuka Mkumbara. Nimeuliza kwa mama mmoja anayeuza vitunguu kando ya barabara. Hakunionyesha kwa mkono, amenipeleka mwenyewe. Nyumba ya mwisho, milima imesimama nyuma yake.

Bibi Mwanahamisi alikuwa uani anachambua mchicha. Aliponiona akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikakaa kizingitini. Bibi Chausiku akaniletea maji. Ni mkubwa kuliko mdogo wake kwa miaka mingi, mikono inamtetemeka, nusu ya maji yalimwagika kabla hayajanifikia. Nikamwamkia, nikanywa. Halafu nikazungumza na mlango. Nikasema nimeliona lile beseni. Nikasema barua imefutwa. Nikasema nimekosa, naomba radhi. Mlango ukafunguliwa.

Omari amevimba miguu. Nimebonyeza kwa kidole gumba, shimo limebaki. Nimempa pakiti, amegeuza uso. Mtoto wa hivi analazwa leo, hasubiri kesho. Nimemwambia bibi.

Akasema, "Na huyu nani atamlisha?"

Mwajuma alikuwa juu ya jamvi. Macho makubwa, shingo imelegea, vidole vimekunjamana. Nilikuwa sijamwona mpaka hapo, au nilikuwa nimemwona na sijamwangalia. Bibi Chausiku hawezi kushika kijiko. Na wodini mtu hawezi kuamka kila baada ya saa tatu kumnywesha mmoja maziwa na bado amlishe mwingine.

"Ulinihukumu mbele za watu," bibi akasema. "Ungeniita pembeni, ningekwambia."

Nikasema ni kweli. Kisha nikajisikia nasema nitabaki mimi. Nitamlisha mimi.

Akaniangalia.

"Una watoto?"

"Sina."

"Utaweza?"

Nikasema nimesomea. Akacheka kidogo, si kwa furaha.

Kabla ya kuondoka alimlisha Mwajuma. Ilichukua saa nzima. Nilikaa karibu nikamtazama, nikadhani nimeelewa. Nimewasindikiza mpaka Korogwe, Omari amepokelewa wodini, bibi amepewa kitanda naye. Nimerudi Mkumbara jioni. Nimemwandikia afisa utumishi kwamba likizo yangu inaanza Jumatatu. Amenijibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu.

Jumapili, 25 Mei

Sikuelewa kitu. Vijiko vinne kutwa nzima. Uji umemwagika shingoni, kifuani, kwangu. Anafumba mdomo. Halii, hasukumi, anageuza macho tu na kuangalia ukuta.

Nimesoma miaka mitatu. Najua kiasi cha nishati anachohitaji mtoto kwa kila kilo yake. Sijui kumfungua mdomo huyu.

Bibi Chausiku ananitazama.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi vijiko sita. Mchana hakuna. Nimeogopa, nimempigia bibi.

Omari anawekewa maziwa kwa mpira wa puani. Bado amelegea. Sauti ya bibi imechoka. Nimemweleza yangu, nikiona aibu kumweleza. Ameuliza namkalisha wapi. Nimesema ukutani, kwenye mito. Amesema hapana. Nimpakate, mgongo wake uegemee kifua changu, kidevu kishuke kidogo. Kijiko cha mbao, kiko kwenye fundo la kanga. Cha chuma hakipendi. Nisubiri ameze, nisikie kwa mkono kooni, ndipo nichote kingine. Na nisimwambie kula, kula. Nimweleze mambo mengine. Anamjua mtu mwenye haraka.

Nikauliza mambo gani.

"Yoyote. Ya kwako."

Jumanne, 27 Mei

Nimemweleza habari za Mbinga. Baridi ya Juni. Kahawa inavyoanikwa, na kuku wanavyofukuzwa wasiichakure. Mama alivyokuwa anavaa sweta mbili na bado anasema hakuna baridi. Nilianza kwa Kiswahili, nikajikuta nimeingia kwenye Kimatengo. Sijakizungumza tangu msibani. Mwajuma alitulia kabisa. Mdomo ukafunguka.

Nusu bakuli. Saa moja na robo. Mkono umekufa ganzi.

Nimelia. Alikuwa amenipa mgongo, hakuona. Labda alisikia kifuani.

Alhamisi, 29 Mei

Sasa nina ratiba. Unga wa mahindi, karanga nimezitwanga mpaka zimetoa mafuta, yai, dagaa nimewaondoa vichwa nikawasaga wakawa unga. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko ushuke polepole. Parachichi zinashuka kutoka milimani, napondaponda na ndizi. Kisamvu nachuja kwa kitambaa. Mara nne kwa siku, na kila mlo ni saa nzima. Siku inakwisha hivyo. Kupika, kulisha, kuosha, kumgeuza, kupika.

Kwenye semina zangu huwa nawaambia akina mama, mlisheni mtoto mara kwa mara. Nalisema kwa sekunde mbili.

Watu wanapita, wanasalimia kutoka njiani, hawaingii. Leo mwanamke mmoja amesimama akauliza mwanangu anaumwa nini. Nimemwambia amezaliwa hivyo. Sikumsahihisha pale aliposema mwanangu.

Jumamosi, 31 Mei

Amepaliwa. Kosa langu.

Simu iliita, nikageuka, kijiko kikaingia wakati anavuta pumzi. Macho yakatoka. Midomo ikabadilika rangi. Nikamwinamisha juu ya paja langu, nikampiga mgongoni, nikapiga, nikapiga. Bibi Chausiku alikuwa anaomba Mungu kwa Kizigua. Akatapika. Akavuta pumzi. Sauti ile ya pumzi sitaisahau.

Simu ilikuwa ya ofisini. Walikuwa wanatafuta faili.

Jioni ana joto.

Jumapili, 1 Juni

Zahanati asubuhi, nimembeba mgongoni. Ni mwepesi kwa miaka tisa, lakini miguu yake mirefu inapiga magoti yangu kila hatua. Watu wameangalia. Nimejua kidogo kile ambacho bibi alikuwa anakikwepa.

Kifua kimeanza kuingiwa na maambukizi. Dawa ya maji siku saba, na nirudi mara moja akipumua kwa shida. Muuguzi alikuwa anaandika kadi. Jina la mama? Salma, yuko Dar. Akaniangalia. Na wewe ni nani yake?

Nimesema, namlisha.

Saa kumi nimempigia bibi, nimemweleza yote, simu ilivyoita, nilivyogeuka. Nilitegemea anitukane. Ningemshukuru. Akasema, "Hata mimi nimeshampalia. Si mara moja."

Kisha akasema uvimbe wa Omari umeshuka. Leo amenyoosha mkono akashika kikombe mwenyewe.

Jumatatu, 2 Juni

Anakohoa. Amekula vijiko vitano. Nimezima simu wakati wa kulisha.

Jumatano, 4 Juni

Homa imeondoka. Amemaliza bakuli. Zima. Nimekwangua kwa kijiko, nimegeuza bakuli kumwonyesha Bibi Chausiku. Amesema alhamdulillahi, akaendelea kupeta mchele.

Jumamosi, 7 Juni

Idi.

Bibi Chausiku amesimamia pilau kwa mdomo tu, mikono ilikuwa yangu. Majirani wameleta nyama, watoto wamekuja na sahani zimefunikwa vitambaa. Leo waliingia mpaka uani. Wamemzunguka Mwajuma, wamemtazama kwanza kama watoto wanavyotazama, halafu mmoja akamwonyesha gauni lake jipya, akazunguka nalo, wengine nao wakataka kuonyesha yao.

Nimechukua pilau yake nikaiponda na supu, nikaichekecha, bila punje. Alipoisikia harufu ya bizari akatoa sauti. Nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Bibi Chausiku anasema hajawahi kuisikia sauti hiyo.

Mimi, Mkatoliki wa Mbinga, nimekula Idi kwenye sinia moja na watu ambao wiki tatu zilizopita sikuwajua. Nilifurahi. Naandika kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 10 Juni

Bibi amerudi na Omari. Nimesikia gari linasimama barabarani, nikajua.

Miguu ya Omari imerudi kawaida. Bado mwembamba, lakini macho ni ya mtoto, yanatafuta vitu. Ana pakiti zake za nyumbani. Amekaa jamvini kando ya dada yake akamvuta nywele.

Bibi hakusalimia sana. Alimwinua Mwajuma, akamrusharusha kidogo mikononi kama mtu anayepima gunia, akamgeuza, akamwangalia mgongo na makalio kama kuna vidonda. Hakuna.

"Amekuwa mzito," akasema.

Basi. Sikuhitaji zaidi.

Tumekubaliana: pakiti ni za Omari peke yake, zote. Za Mwajuma ni zile nilizompikia, na nimemwonyesha moja moja, karanga, dagaa, namna ya kuchuja. Mengine alikuwa anayajua, alikuwa hana vya kupikia. Mahindi yao Kang'ata yamekauka, watarudi kuvuna. Mpaka hapo Rajabu atazungumza na kikundi cha akina mama wamsaidie bibi karanga.

Jioni bibi amemlisha. Mwajuma alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Mimi nilikaa pembeni, mikono haina kazi.

Niandike ukweli. Niliona wivu.

Jumatano, 11 Juni

Handeni. Nyumba inanuka unyevu. Mchwa wameanza kwenye fremu ya mlango. Likizo imebaki siku tatu na sijui nizifanye nini.

Saa nne asubuhi nilikuwa naosha vyombo nikaacha, nikafuta mikono. Mwili ulikuwa unajua ni saa ya kumlisha. Nimekaa kitandani muda mrefu.

Nyumba hii ina vyumba viwili. Sikuwahi kuona kama ni vingi.

Jumatatu, 16 Juni

Ofisini. Nimemuuliza mkuu wangu tunafanya nini na mtoto wa miaka tisa asiyeweza kutafuna. Amefikiri kwa kweli, si kwamba alinipuuza. Amesema mwongozo hauna kipengele hicho, niandike. Nimeandika. Kurasa nne. Nimewaomba wahudumu wote wa vitongoji waniletee majina ya watoto wa hivyo, wa umri wowote, kwenye karatasi ya kawaida.

Rajabu ameleta ya kwanza. Majina matatu, kitongoji kimoja. Ameomba radhi kwa mwandiko.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Nimerudi. Nimefua. Nimempigia kaka, hakupokea, ametuma ujumbe kwamba yuko kikaoni. Jumapili.

Sikumpigia bibi. Si lazima nipige kila siku.

Jumanne, 1 Julai

Kliniki Kang'ata. Jua, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Foleni ilikuwa fupi, watu wako kwenye mavuno.

Kama saa nne hivi barazani kukawa kimya. Nikainua kichwa. Bibi Mwanahamisi alikuwa anakuja njia ya zahanati, katikati ya njia, Mwajuma mgongoni, miguu inaning'inia mpaka chini ya magoti yake. Rajabu nyuma amempakata Omari. Walikuwa wamerudi tangu Ijumaa, bibi hakuniambia.

Hakuomba kupita mbele. Alikaa kwenye benchi kwa zamu yake, akamshusha Mwajuma mapajani. Wanawake wawili wakasogea. Mmoja akaulizia jina lake, bibi akalitaja kwa sauti ya kawaida.

Nilikuwa nimejipangia maneno mengi kwa siku hii. Nilisimama, nikawaambia wale waliokuwepo kwamba siku ile nilimtuhumu huyu mama, na sikuwa sahihi. Hakuuza kitu. Alikuwa analisha watoto wawili kwa chakula cha mmoja. Nikasema naomba radhi mbele yao kama nilivyomtuhumu mbele yao. Yalikuwa maneno machache. Bibi alikuwa anamfuta Mwajuma mate, akaendelea kumfuta. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, pima watoto."

Omari: njano. Wiki mbili tatu hivi, akiendelea, atafika kijani.

Mwajuma hatoshei kwenye mizani ya kuning'iniza, na kusimama hawezi. Nimemchukua, nimepanda naye mizani ya watu wazima. Ameegemea kichwa shingoni kwangu, pale pale alipokuwa anakiweka Mkumbara. Nimesoma namba. Nimemrudisha kwa bibi. Nimepanda tena peke yangu, maana uzito wake unapatikana kwa kutoa wangu. Niliposimama pale juu bila yeye niliona baridi kifuani, mahali alipokuwa.

Nimeshuka. Nimetoa. Rejista haina mstari wake, nimepiga mmoja kwa rula chini ya ukurasa, nikaandika jina lake na la bibi yake, na uzito.

Halafu nikamwita anayefuata.